Nyumba nzima tunajikuna usiku, dawa za kemisti zimekataa. Naomba ushauri

Mama Wawili (Pipeline)
Hamjambo wenzangu. Huwa nasoma tu bila kuandika, lakini leo nimeshindwa. Kijana wangu ana miaka minne, mdogo wake miezi minane. Mwezi na nusu uliopita mkubwa alianza kujikuna kati ya vidole na kiunoni. Nikadhani ni sabuni ya kufulia, nikabadilisha. Wapi. Nikashuka kwa kemisti hapa chini ya ploti, akaniuzia tyubu, akasema ni alaji, nipake asubuhi na jioni. Kwa kweli siku nne za kwanza mtoto alilala vizuri na ngozi ikawa laini. Nilifurahi sana. Halafu ikarudi, na sasa imeenea hadi tumboni na makalioni.

Mdogo naye ametoka vipele vyenye maji kwenye nyayo. Mimi najikuna chini ya matiti na kwenye vifundo vya mikono. Baba yao anajikuna kiunoni, yeye anasema ni chuma cha mkanda. Mchana tunavumilia, lakini taa ikizimwa kila mtu anaanza. Kitanda tunalala wote wanne.

Mama mkwe anasema ni pumu ya ngozi, kwa sababu mkubwa alikuwa na mashavu makavu yenye mabaka tangu miezi mitatu, na baba yake ana pumu. Jirani ameacha kuleta mtoto wake kucheza kwetu, na hilo limeniuma. Maji huku yanakuja Jumanne na Ijumaa, lakini watoto wangu wanaoga kila siku na nyumba yangu ni safi. Hii ni nini jamani?

Karis wa Umoja
Pole mama. Umeangalia wale vidudu vyembamba vyekundu na vyeusi, nairobi flai? Mwezi wa tano kimoja kilinipitia shingoni nikakiponda kwa kiganja, asubuhi nikaamka na mstari kama nimemwagiwa maji moto. Ukikiona usikiponde. Kipulize kitoke, kisha osha mahali pale kwa sabuni na maji.

Shosho wa Kangemi
Binti yangu, wajukuu wangu niliwaosha kwa majani ya mwarobaini yaliyochemshwa. Jaribu hiyo kabla ya kumwaga pesa zaidi.

Nesi Eastlands
Mama Wawili, kabla sijasema lolote nijibu haya. Mlianza kujikuna pamoja, au mmoja baada ya mwingine? Kijana ana vipele kwenye uume au korodani? Kuna vijistari vyembamba kati ya vidole au kwenye kifundo cha mkono, kama mkwaruzo wa penseli? Ile tyubu ina dawa gani ndani? Soma maandishi madogo, si jina kubwa. Na kuna mtu wa shule ya bweni aliyelala kwenu karibuni?

Mama Wawili (Pipeline)
Mmoja baada ya mwingine. Kijana kwanza, mimi kama wiki nne baadaye, kisha baba na mdogo. Vipele kwenye uume vipo, nilidhani ni mkojo unamchoma. Vijistari naviona viwili karibu na kidole gumba. Tyubu imeandikwa klobetasoli, neomaisini na lingine linaloishia na "zoli". Na ndiyo, mpwa wangu alilala kwetu Aprili shule zilipofungwa, kitanda kimoja na kijana. Alikuwa anajikuna, tukasema ni mbu wa bwenini.

Nesi Eastlands
Sijawaona kwa macho, kwa hiyo lazima mpimwe. Lakini kwa hayo uliyoeleza, nafikiria upele. Nasema ule upele wenyewe unaoletwa na utitiri mdogo sana, hata nusu milimita haufiki, unaochimba chini ya ngozi na kutaga mayai humo. Vile vijistari ndivyo vijia vyake. Anayeupata kwa mara ya kwanza hukaa wiki nne hadi sita kabla ya kuwashwa, ndiyo maana hukumhusisha mpwa. Muwasho huzidi usiku. Kwa watu wazima na watoto wakubwa hupenda kati ya vidole, vifundo vya mikono, kiuno, matiti na sehemu za siri. Kwa mtoto mchanga hushika hata nyayo, viganja na kichwa. Hivyo vipele vya nyayoni ndivyo vilivyonishtua zaidi.

Karis, sumu ya nairobi flai huchoma ghafla mahali pamoja, haitembei kutoka mtu hadi mtu wiki kwa wiki. Shosho, kwa heshima zote, majani hayo tusiyamwage kwenye ngozi ya mtoto wa miezi minane iliyochubuka.

Mama mkwe naye hajakosea. Kijana anaweza kuwa na vyote viwili. Pumu ya ngozi, ndiyo ekzema, hukaa mashavuni kwa wachanga, baadaye kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Ngozi inakauka, inakuwa nzito, na kwenye ngozi zetu nyeusi haionekani nyekundu kama kwenye picha nyingi, inakuwa ya kijivu au zambarau, kisha inaacha madoa. Huwa mbaya zaidi baridi hii ya Julai. Lakini ekzema haiambukizi. Haiwezi kutoka kwa mtoto ikaenda kwa mama halafu kiunoni kwa baba. Watu wawili wa nyumba moja wakijikuna usiku, usimtibu mmoja.

Ile tyubu acha kuipaka. Klobetasoli ni steroidi kali mno. Inazima muwasho na kuficha upele huku kidudu kinaendelea kuzaana, ndiyo zile siku nne nzuri ulizopata. Na ikipakwa muda mrefu kwenye kinena na makalio ya mtoto, ngozi hukonda. Inaniuma kila nikiona mchanganyiko huo unauzwa bila mtu hata kumvua mtoto shati.

Nenda zahanati na watoto wote wawili. Wakithibitisha ni upele, huenda wakawapa permethrini ya asilimia 5. Mnajipaka NYOTE usiku mmoja, hata asiyejikuna. Watu wazima kuanzia shingoni hadi nyayo, mdogo apakwe na kichwa na uso pia, ukikwepa macho na mdomo. Kateni kucha, pakeni hadi chini yake. Inakaa saa 8 hadi 14, na ukinawa mikono unapaka tena. Mnarudia baada ya siku 7. Benzili benzoeti, ile nyeupe kama maziwa, ni nafuu lakini huchoma, na kwa mtoto lazima ipunguzwe makali, kwa hiyo usijipimie. Vidonge vya ivermektini si vya mtoto aliye chini ya kilo 15 wala mjamzito.

Kuhusu maji, jipakeni Alhamisi usiku, mfue Ijumaa. Si lazima ufue nyumba nzima. Fua shuka na nguo mlizovaa siku tatu za mwisho, kwa maji moto, kisha anika juani au piga pasi. Blanketi nzito na midoli tia kwenye mfuko wa plastiki, funga, iache wiki nzima. Kidudu kikikosa mwili hufa ndani ya siku mbili tatu.

Mkishatibiwa mtaendelea kuwashwa wiki mbili hadi nne. Usikimbilie kupaka kila siku ukidhani dawa imekataa. Ila ukiona usaha, homa, uso kuvimba au mkojo wa rangi ya chai, usingoje hata siku moja, vidonda vya upele vikiingia bakteria vinaweza kuumiza figo.

Na si uchafu. Kuoga hakukitoi, kimejichimbia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wakati wowote zaidi ya watu milioni 200 wanao.

Mama Wawili (Pipeline)
Nimelia kidogo hapa. Asante. Swali moja, wote wawili wanashinda deikea na watoto wengine kumi na mmoja. Nikimwambia mwenye deikea si atawafukuza?

Mama Deikea (Kayole)
Dada, mimi ndiye mwenye deikea, ingawa si yako. Mwambie. Mwaka jana mzazi mmoja alinificha, na nilipokuja kujua nilikuwa nimeubeba hadi kwangu, mume na mtoto wangu wa darasa la sita. Hasira yangu haikuwa kuhusu upele, ilikuwa kuhusu zile wiki tatu za kufichwa. Angeniambia siku ya kwanza ningewaita wazazi tukatibu pamoja. Mpigie simu jioni watoto wakishaenda, usimwambie mlangoni mbele ya watu.

Otis K
Nesi, nami nidandie hapo. Binti yangu wa miaka saba ana mashilingi kichwani, nywele zimekatika kwa duara. Nimepaka dawa ya fangasi mwezi mzima.

Nesi Eastlands
Ndugu Otis, dawa ya kupaka peke yake haitoshi kichwani, kwa sababu fangasi imeingia ndani ya unywele. Anahitaji dawa ya kumeza, mara nyingi grisiofulvini, wiki sita hadi nane, apewe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Daktari apime uzito wake kwanza. Vitana na kofia asishiriki na wenzake, na kama ananyolewa, mashine isafishwe kwa dawa kwanza.

Mama Wawili (Pipeline)
Narudi baada ya wiki tatu. Zahanati walisema ni upele, na kijana ana ekzema pia nyuma ya magoti. Tulijipaka wote Alhamisi saa tatu usiku, baba akalalamika lakini akapaka. Tumerudia. Wiki ya kwanza tuliendelea kuwashwa hadi nikataka kurudi kwa kemisti, nikasoma tena maneno ya nesi, nikatulia. Sasa mdogo analala usiku mzima na nyayo zimekauka. Kijana namuogesha kwa maji ya vuguvugu, si moto, na nikishamkausha kidogo tu nampaka mafuta mazito yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Magoti yameanza kulainika.

Mwenye deikea nilimpigia. Alinyamaza, akaniuliza dawa inaitwaje, akawaita wazazi wote Jumapili. Mama ya mpwa wangu amezungumza na matroni wa bweni.

Jana jirani alibisha mlango, amemshika mtoto wake mkono, akanionyesha katikati ya vidole. Nimemwambia zahanati inafunguliwa saa mbili, na aende na wote.