Nitahesabu vipi dakika tano gizani bila simu?

Kijana wa Himbi: Habari zenu wakubwa. Napigia picha uani kwetu hapa Goma, maana usiku wa sasa siyo wa kutembeza kamera mjini. Umeme ukikatika mtaa mzima, nyota zinajaa, na kule kaskazini wekundu wa volkano ya Nyiragongo unapanda mawinguni. Shida: nataka picha moja ipokee mwanga dakika tano, na kamera yangu yenyewe mwisho sekunde 30. Nikiiweka kwenye B (inapokea mwanga mradi kitufe kimebonyezwa) lazima kidole kibaki juu ya kitufe, na kidole kinatetemeka. Waya wa kufyatulia niliutafuta Birere duka kwa duka, wakanionyesha waya za chaji. Simu nayo ina siku mbili haijaona umeme. Jana nilihesabu kwa mdomo, kufika 190 mbwa wa jirani akabweka, hesabu ikapotea. Mnafanyaje?

Muzee wa Bukavu: Mwanangu, kata utepe kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki. Weka kokoto juu ya kitufe, zungushia utepe. Lakini kabla ya hapo ziba lenzi kwa kofia nyeusi, bila kugusa lenzi. Kitufe kikishashikwa, acha mtikisiko utulie, ndipo uondoe kofia. Kumaliza ni hivyohivyo, kofia kwanza, mpira baadaye. Hesabu? Mimi nasali rozari. Nilijipima mchana kwa saa: Salamu Maria kumi zinanichukua dakika tatu kasoro kidogo. Mbwa abweke asibweke, shanga ziko vidoleni. Mama watoto anasema Bikira Maria siyo saa ya ukutani, ila picha anazipenda.

Dada Katindo: Sisi Waprotestanti tuna saa ya mezani, muzee, hahaha. Ile ya betri moja, inayopiga kila sekunde. Naiweka ndani ya koti. Kila mapigo 60 nahamisha punje ya maharage kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Na wewe kaka usijitese na sekunde. Ukikosea 10 katika 300, hakuna jicho litakaloona. Jaribu kwanza ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 6400 kwa sekunde 10. Mwanga ukikupendeza, shuka hadi ISO 200: muda unazidi mara 32, yaani sekunde 320. Ukielekeza Nyiragongo, nyota zitapinda juu ya mlima kama upinde, kwa kuwa sisi tuko karibu na ikweta na kitovu cha mzunguko wa anga kiko huko nyuma yake, chini kidogo ya upeo. Kwa dakika tano utapata vipande vifupi tu. Anga linazunguka nyuzi 15 kwa saa.

Kijana wa Himbi: Aksanti sana! Nimefanya usiku huu kwa maharage (rozari ni ya bibi, amekataa). Lakini nilipoachia kitufe, kamera ikanyamaza kabisa, taa nyekundu inawaka tu. Imekufa?

Dada Katindo: Haijafa. Inapiga picha ya pili, ya giza tupu, kwa muda uleule, ili iondoe chenga kwenye ile ya kwanza. Dakika tano zako zinakuwa kumi. Subiri imalize.

Kijana wa Himbi: Ayii. Betri nilishaitoa.