Methali za Kiswahili kwenye terminali kwa fortune, cowsay na lolcat: niziandaeje?

mwalimu_wa_maabara

Wakuu, habari za kazi. Nafundisha matumizi ya Linux kwa wanafunzi wanaoanza, na wengi wao huiogopa terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwa sababu wakiifungua hukutana na skrini nyeusi isiyosema neno. Ningependa kila wanapoifungua wapokewe na ng'ombe wa cowsay akitamka methali ya Kiswahili, na lolcat iyapake maandishi hayo rangi za upinde wa mvua. Programu zote tatu nimeshazisakinisha kwenye Ubuntu na zinafanya kazi, isipokuwa fortune, ambayo kazi yake ni kuchagua nukuu kwa bahati nasibu, hutoa za Kiingereza tu. Tena, nikiandika kwa mkono `cowsay Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini`, terminali haijibu kitu. Huonyesha alama ya > na kuendelea kusubiri. Je, naweza kuitengenezea fortune mkusanyo wangu mwenyewe, na hiyo alama ya > inataka nini?

mhifadhi_faili

Mkuu, mkusanyo wako unaweza kuutengeneza bila kuandika programu yoyote, kwa kuwa fortune, ambayo imekuwamo katika Unix tangu toleo la saba la mwaka 1979, husoma faili la maandishi ya kawaida. Fungua faili jipya, tuseme `methali`, uandike methali ya kwanza, kisha kwenye mstari unaofuata uweke alama ya asilimia peke yake, ndipo uandike ya pili:

```
Haraka haraka haina baraka.
%
Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini.
%
Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.
%
```

Ukimaliza, toa amri `strfile methali`, nayo itazalisha faili la pili liitwalo `methali.dat`, ambamo huhifadhiwa mahali kila methali inapoanzia ili fortune iweze kuchagua moja kwa bahati nasibu bila kulisoma faili zima. Kila unapoongeza au kufuta methali, rudia strfile, la sivyo faili la zamani litaendelea kuelekeza mahali ambapo si mwanzo tena, na wanafunzi wataletewa methali iliyokatwa katikati. Amri kamili, ikiwa faili umeliweka kwenye folda yako ya nyumbani, ni hii:

`fortune ~/methali | cowsay | lolcat`

Mpangilio huo usiubadilishe, lolcat ibaki mwisho. Rangi za terminali ni misimbo iliyofichwa ndani ya maandishi; ukiilazimisha lolcat kupaka rangi kabla ya cowsay, cowsay itaihesabu misimbo hiyo kama herufi, na kiputo cha maneno kitapoteza umbo.

ritifaa

Nalijibu swali la pili, kwa maana linawagusa Waswahili kuliko watu wengine. Katika Bash, programu inayosoma amri unazoandika kwenye terminali, ritifaa, alama ile moja tunayoiandika kwenye ng'ombe, ng'ambo na ng'ara ni alama ya kufungua nukuu. Ulipoiandika, Bash ilielewa kwamba umeanza maneno yaliyonukuliwa, ikawa inangoja uyafunge. Alama ya > ndiyo kungoja kwenyewe. Bonyeza Ctrl+C utoke. Safari nyingine weka sentensi nzima ndani ya alama za kunukuu zenye mikato miwili ("), ingawa hapo nako alama ya mshangao inaweza kukuletea kosa. Mimi huona heri kuandika `cowsay` peke yake, kubonyeza Enter, kuandika methali jinsi ilivyo, kubonyeza Enter tena na kumalizia na Ctrl+D, kwa kuwa maneno yanayoingia kwa njia hiyo Bash haiyagusi kabisa.

Methali zilizomo ndani ya faili hazina shida hiyo, lakini zina yake. Ukizinakili kutoka programu ya kuandikia nyaraka, ritifaa iliyonyooka mara nyingi huwa imegeuzwa kuwa iliyopinda, ambayo katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, huchukua baiti tatu badala ya moja. Baadhi ya matoleo ya cowsay huhesabu baiti, si herufi, kwa hiyo mpaka wa kulia wa kiputo huingia ndani kwa nafasi mbili kwenye kila mstari wenye ritifaa hiyo. Zibadilishe zote ziwe zilizonyooka kabla ya kuendesha strfile. Maandishi yetu hayahitaji herufi nyingine yoyote ya pekee, na hiyo ni neema kubwa.

Na ukitaka kuongeza mashairi, jambo ambalo ningelipenda sana kuliona, tumia `cowsay -n`. Bila hiyo, cowsay huunganisha mistari na kuikata upya karibu na herufi ya 40, na ubeti wa tarbia wenye mishororo minne hugeuka kuwa aya ambayo vina vyake havionekani tena.

mlinda_seva

Nyote mmeeleza vizuri, ila hakuna aliyesema amri hiyo iwekwe wapi, na hapo ndipo penye hatari. Mahali pake ni mwishoni mwa faili la `.bashrc`, lenye amri ambazo Bash huziendesha inapoanza, kwa umbo hili:

`[[ $- == *i* ]] && fortune ~/methali | cowsay -n | lolcat`

Sehemu ya mwanzo huhakikisha kwamba ng'ombe anatokea tu pale ambapo mtu ameketi mbele ya terminali. Bash husoma `.bashrc` hata inapoitwa kutoka mbali kwa ajili ya kuhamisha mafaili kwa scp au sftp, na ikitoa neno lolote wakati huo, programu ya upande wa pili hulichukulia kuwa sehemu ya mawasiliano na kuukatiza uhamishaji. Kwenye Ubuntu, `.bashrc` ya kawaida ina kinga ya namna hiyo juu kabisa. Hata hivyo wanafunzi wako watahamia mashine nyingine, kwa hiyo wafundishe kuiandika wenyewe.

Kama kompyuta za maabara ni za zamani, lolcat ya kawaida itachelewesha kidogo terminali kufunguka, kwa sababu imeandikwa kwa lugha ya programu ya Ruby. Lipo toleo lililoandikwa upya kwa lugha ya C ambalo ni jepesi zaidi.

mwalimu_wa_maabara

Nashukuru sana, wakuu. Alama ya > imeondoka na faili la methali linasomeka. Mashairi nitayaweka kwenye faili lake lenye strfile yake, ili `-n` niitumie huko peke yake na methali ndefu ziendelee kukatwa zisije zikapita ukingo wa skrini.