Naomba ushauri: ua la kisukuku, jamii ya kunde au sivyo?

Habari za leo wadau. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu visukuku (mabaki ya kale yaliyohifadhiwa mwambani) vya mimea vya Mahenge, Singida, palipokuwa na ziwa dogo ndani ya kasoko (shimo la volkeno) miaka kama milioni 46 iliyopita. Vipande vya majani ya jamii ya kunde vimeshaelezwa kutoka pale, mfano spishi Aphanocalyx singidaensis mwaka 2000. Mimi nimekwama kwenye ua.

Lina urefu wa milimita 9, limelala ubavu kwenye jiwe la kijivu. Naona petali moja pana yenye mishipa iliyotawanyika kama kipepeo, mbili nyembamba chini yake, na stameni (viungo vya kiume vya ua) saba. Nyingine nadhani zimefunikwa. Najua petali ya juu ikizifunika zenzake kwa nje, tunaelekea tawi la maharage ndani ya jamii ya kunde. Ikiwa ndani kabisa, tawi la mkwaju. Tatizo ua limebanwa, ukingo hausomeki hata kwa hadubini.

Je, ili kulitambua, nikwangue chavua kwenye chavulio (kifuko cha chavua) moja, au nianze na picha za mwanga wa pembeni? Naogopa sana kuliharibu, sina la pili. Aliyewahi kufanya kazi hii naomba anielekeze.