Mwanachama akimkashifu mtu, klabu ilipe?

Katibu Bila Mshahara: Klabu yetu haiuzi kitu. Ada ikilipa kodi ya ukumbi tunashukuru. Sasa mwanachama mmoja kabandika karatasi ubaoni kwamba mweka hazina wa zamani "alitafuna" michango. Mzee wa watu anatishia kutushtaki. Kwani tumeandika sisi?

Kalamu Butu: Kutopata faida si kinga. Swali ni nani angeweza kuibandua akaiacha. Uingereza, 1937, kesi ya Byrne na Deane: shairi lilibandikwa ukutani kwenye klabu ya gofu, likimlaani aliyewachongea polisi kuhusu mashine za kamari. Mahakama ya Rufaa ikasema wenye klabu kuliacha pale ni sawa na kulichapisha.

Bahari Shwari: Mbona hadithi unaikata katikati? Byrne, mwanachama aliyeshtaki, alishindwa!

Kalamu Butu: Kwa sababu ya maneno yenyewe, si ubao. Majaji waliona kusema fulani karipoti uhalifu polisi si kashfa.

Mtunza Daftari: Eti si kashfa? Mimi nimeitwa mchongezi kwenye chama. Nikiingia, mazungumzo yanakatika. Hata kiti cha jirani kilikuwa kinahamishwa.

Bahari Shwari: Hoja ni kwamba raia mwema hawezi kukudharau kwa kuripoti kosa.

Mtunza Daftari: Huyo raia mwema hakuwa mwanachama wetu.

Chumvi Kidogo: Kwani ulichongea?

Mtunza Daftari: Swali gani hilo?

Chumvi Kidogo: Hujajibu.

Bahari Shwari: Muacheni. Ila na wewe Mtunza, anayejitetea kabla hajashtakiwa...

Mtunza Daftari: Malizia sentensi yako, mheshimiwa.

Kalamu Butu: Jamani! Katibu, klabu imesajiliwa? Kwenye nchi nyingi, klabu isiyo na nafsi ya kisheria haishtakiki kwa jina lake. Wanafuatwa watu: mwenyekiti, katibu...

Katibu Bila Mshahara: Katibu si ndiye mimi?

Chumvi Kidogo: Na bila mshahara. Pole, ndugu.

Kalamu Butu: Karatasi bado ipo?

Katibu Bila Mshahara: Siku ya tisa leo. Ubao una kioo, na ufunguo anao huyohuyo aliyebandika.

Kalamu Butu: Vunja kioo.

Katibu Bila Mshahara: Kioo nacho ni mali ya klabu. Nani atalipa?

Mtunza Daftari: Na kwa taarifa yenu, sikuchongea mtu. Niliulizwa risiti, nikatoa risiti.

Chumvi Kidogo: Aliyekuuliza ni nani?