Nimeachiwa saa ya Philippe Dufour: niuzie Geneva au Dubai?

Mswahili wa Lausanne:
Wakuu salaam. Mimi ni msomaji tu, siku zote napita kimyakimya, leo yamenifika. Niko Uswisi, natunza wazee majumbani. Mzee niliyekuwa namhudumia amefariki mwezi wa pili, akaniachia saa ya mkono. Ya dhahabu, nyembamba, uso mweupe, haina mbwembwe. Nilipoliandika kwenye simu jina lililo usoni, nikakaa chini: Philippe Dufour, Simplicity. Fundi wa bonde la Joux, alizianza mwaka 2000, zote duniani ni mia mbili na ushee. Niuzie Geneva au Dubai? Usingizi umekata. Natanguliza shukrani.

Kiti cha Mbele:
Naweka kambi hapa. Kahawa na kashata juu yangu.

Mama Kijacho:
Ukiuza usije ukanunua gari. Kiwanja Kigamboni, mapema, kabla shemeji zako hawajajua.

Mjukuu wa Seremala:
Babu yangu aliacha Seiko 5. Wajomba watatu hawasalimiani tangu arobaini yake. Saa yenyewe ilishasimama, iko kwenye kabati la bimkubwa, na kila Idi lazima mtu aiulizie. Usiuze, mkuu.

Mswahili wa Lausanne:
Sikuuliza niuze au nisiuze. Nimeuliza wapi.

Fundi Aggrey:
Niko kwenye kibanda cha saa Kariakoo mwaka wa 19, ya Dufour nimeiona pichani tu, tena picha za mashine yake ndizo zilizonifanya nione haya kujiita fundi. Dufour mwenyewe anafanyia kazi Le Solliat, hukohuko bondeni, kwenye nyumba iliyokuwa shule ya kijiji. Kila kingo ya chuma inapigwa msasa na kung'arishwa kwa mkono, mpaka kona za ndani ambazo mashine ya kiwandani haiwezi kuziingia. Ndiyo maana ziko chache. Novemba 2020, namba 00 ya toleo la kuadhimisha miaka 20 ya Simplicity ilivuka faranga milioni 1.3 kwenye mnada Geneva. Ile ilikuwa ya pekee, usiipigie hesabu yako. Unayo boksi na karatasi?

Mswahili wa Lausanne:
Boksi limebaki kwa mzee. Kuna mtu Dubai anatoa faranga elfu 80 taslimu, haulizi karatasi.

Fundi Aggrey:
Elfu 80! Huyo hanunui, anakupora. Na kama haulizi karatasi, anajua kwa nini huna.

Nesi wa Bremen:
Mdogo wangu, nafanya kazi kama yako huku Ujerumani. Mkataba wangu unakataza kupokea hata bahasha ya Krismasi. "Akaniachia" maana yake nini? Imeandikwa kwenye wosia? Watoto wake wanajua?

Mama Kijacho:
Swali zuri. Ila Kigamboni palepale.

Nesi wa Bremen:
Mtoa mada, nakusubiri.

Mswahili wa Lausanne:
Haimo kwenye wosia. Alinivalisha mwenyewe wiki mbili kabla, tukiwa wawili. Baada ya mazishi binti yake aliniuliza kama nimeiona saa ya baba. Nikasema sijaiona. Nilishtuka tu, dada. Sasa nikisema ninayo nitaonekana mwizi. Tena huyo binti miaka minne amekuja mara mbili! Nani alikuwa anamwogesha mzee? Na tiketi ya Dubai nimeshakata, ni Ijumaa, hairudishwi.

Ustadh Online:
Amana ni amana, kijana. Ukishasema "sijaiona", hata kama ni halali yako umeitia doa.

Mpiga Ramli:
Jamani hii CHAI, tena ya maziwa. Id ya jana, uzi wa kwanza, saa ya mamilioni. Hebu weka picha.

Kiti cha Mbele:
Nimeshaanza kuhisi tangawizi.

Fundi Aggrey:
Tumpime. Mtoa mada, umeivaa mara ngapi tangu msiba?

Mswahili wa Lausanne:
Sijaivaa hata siku moja. Iko ndani ya soksi, inatembea vizuri tu.

Mpiga Ramli:
😂😂😂 Soksi! Fundi, mmalize.

Fundi Aggrey:
Simplicity haijijazi kwa kuvaliwa, inatiwa ufunguo kwa mkono. Ikikaa kwenye soksi tangu mwezi wa pili ingekuwa imekufa zamani. Ama ni feki, ama stori ndiyo feki.

Mswahili wa Lausanne:
Inatembea kwa sababu naitia ufunguo kila saa moja asubuhi. Vidole vya mzee vilikuwa vinatetemeka, hashiki kile kifundo. Miaka minne mimi ndiye niliyekuwa namtilia, halafu ndiyo anakunywa dawa. Bado naamka saa ileile.

Fundi Aggrey:
Basi nimekosa. Sikiliza: hizo saa zina namba, na wenye nazo wanajuana. Hiyo ya mzee wako ikiibuka Dubai leo, kesho kutwa bintiye anapigiwa simu.

Mswahili wa Lausanne:
Amenipigia yeye asubuhi hii. Mara tatu. Sijapokea.

Nesi wa Bremen:
Mpigie sasa hivi, kabla ya Ijumaa. Anza na habari ya vidole.

Mpiga Ramli:
Mimi bado nasubiri picha.

Mama Kijacho:
Kaka, huko bado wanahitaji watu wa kutunza wazee? Mdogo wangu ana cheti. Nimekutumia ujumbe pembeni.