Gana sifuri, jumla 27 kati ya 36: posa ivunjwe?

Jirani_wa_Kisutu: Wakuu, nisaidieni. Kundali za Kihindi, yaani chati za nyota za kuzaliwa, zimelinganishwa: kwenye gana, kundi la tabia, kijana ni Deva (wa kimungu), binti ni Rakshasa (wa kizimwi), gana imetoka 0. Vipimo vyote vinane vimefika 27 kati ya 36, na wengi hukubali kuanzia 18. Pandit, mnajimu wa Kihindu, wa upande wa kijana anasema gana peke yake inatosha kuvunja posa, maana ndiyo inayopima tabia. Ni haki kipimo kimoja kuwa na kura ya turufu?

Mzee_wa_Ngara: Inatosha kabisa. Binti wa Rakshasa ni mkali, atamkalia mume kichwani. Wazee hawakuipa gana alama 7 bure.

Dada_Mkavu: 7 ni za Bhakoot, kipimo kingine, mzee. Gana ni 6. Na huo ukali umeanza lini kuwa wa kike? Jedwali linalotumika sana humpa kijana Rakshasa na binti Deva alama 1. Geuza, binti awe Rakshasa na kijana Deva, inakuwa 0. Yaani mwanamume akiwa mkali kuna nafuu? Gana hutokana na nakshatra, kituo cha Mwezi ulipozaliwa, na Rakshasa ni nakshatra 9 kati ya 27: Krittika, Ashlesha, Magha, Chitra, Vishakha, Jyeshtha, Mula, Dhanishta na Shatabhisha. Theluthi nzima ya mabinti wakae bila kuolewa?

Mzee_wa_Ngara: Sikutunga mimi. Ndivyo jedwali linavyosema.

Dada_Mkavu: Lipi? Kuna jingine linatoa 0 pande zote mbili. Chagua moja kwanza ndipo utukane watoto wa watu.

Kalamu_na_Karatasi: Punguzeni moto, fanyeni hesabu. Zimepotea alama 9. Gana imekula 6, zimebaki 3 za kupotea kwingine kote. Kipimo cha Nadi hutoa 8 au 0, cha Bhakoot 7 au 0, kwa hiyo zote mbili zimepita kamili. Graha Maitri, yenye alama 5, haijashuka chini ya 3, na hiyo nayo hupima tabia kupitia watawala wa rashi za Mwezi, yaani sayari zinazotawala nyota ambamo Mwezi ulikuwa wawili hao walipozaliwa. Watawala hao wakiwa marafiki, au wakiwa sayari ileile, pandit wengi huifuta dosha (kasoro) ya gana. Wengine huifuta nakshatra ya binti ikiwa mbali na ya kijana, kwa hatua zaidi ya 14. Huyo pandit aliangalia hayo au aliishia kwenye sifuri?

Saa_Mbovu: Mimi ningeanza na saa ya kuzaliwa. Nakshatra ni digrii 13 na dakika 20, Mwezi unaipita kwa takriban siku moja. Mtu wa huku akiambiwa "saa nne asubuhi" akaandika 4:00, amekosea saa sita, sawa na digrii 3.3 hivi, karibu pada nzima, yaani robo ya nakshatra. Kosa la pili: programu ikibaki na saa za India, +5:30, wakati mtoto kazaliwa Dar au Nairobi kwenye +3, hapo zimeliwa saa mbili na nusu. Chitra ni Rakshasa, imebanwa kati ya Hasta na Swati, zote Deva. Binti akiwa kwenye ukingo wa Chitra, kosa dogo tu linambadilishia gana.

Falaki_Lamu: Ndiyo maana falaki yetu ya Pwani ni bora. Jina lako na la mama yako, basi. Jina halina saa ya kukosewa.

Saa_Mbovu: Halikosewi? Ali bin Maryam. Kwa abjadi, kila herufi ya Kiarabu na namba yake, Ali: ain 70, lam 30, ya 10, jumla 110. Maryam: mim 40, ra 200, ya 10, mim 40, jumla 290. Zote 400, gawa kwa 12, baki 4, nyota ya nne: Saratani, nyota ya maji. Sasa andika "Maryamu" na wau mwishoni kama inavyotamkwa, ongeza 6. Baki 10: Jadi, nyota ya udongo. Herufi moja, mtu mwingine.

Falaki_Lamu: Nani huandika wau pale? Jina la Kiarabu huandikwa Kiarabu. Usitufundishe kazi kwa makosa ya darasa la kwanza.

Saa_Mbovu: Na mama akiitwa Mwanaidi au Tatu? Hapo kanuni ni ipi?

Kalamu_na_Karatasi: Wahindi nao hawajapona hapo. Saa isipojulikana, hushika silabi ya kwanza ya jina. Ma, Mi, Mu, Me ni Magha, Rakshasa. Mo ni Purva Phalguni, Manushya, gana ya kibinadamu. Manoj na Mohan wanatenganishwa na irabu moja, na wakwe wanamkimbia wa kwanza.

Mzee_wa_Ngara: Jina hutolewa kufuata nakshatra, halitangulii!

Dada_Mkavu: Kwa waliopewa hivyo. Aliyepewa jina la bibi yake je?

Jirani_wa_Kisutu: Jamani, posa yangu?

Kalamu_na_Karatasi: Lete nakshatra na pada za wote wawili, na saa iliyoandikwa hospitali, siyo ya kukumbuka. Bila hivyo tunapiga ramli.

Falaki_Lamu: Ramli ni elimu nyingine, usichanganye. Na Tatu huandikwa ta, alif, ta, wau.

Saa_Mbovu: Ahaa! Kumbe wau ipo.