Naomba ushauri: makoti ya mitumba yaliyokosa mnunuzi, nataka kuyapandisha jukwaani peke yangu

Binti_Karume

Wakuu, salamu. Mama yangu anauza mitumba Karume, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mwezi wa tatu alifungua belo aliloambiwa ni la magauni mepesi, yakatoka makoti ya sufu, yale mazito ya baridi ya Ulaya. Dar hii atavaa nani? Machache tuliyapandisha basi kwa shangazi Njombe, kumi na moja yamebaki uvunguni. Nikiyakunja nikakuta kwenye mfuko wa mojawapo orodha ya manunuzi, mwandiko wa mtu mzima, lugha siijui. Tangu siku hiyo koti lile halinitoki kichwani.

Maigizo ya kikundi nimecheza tangu sekondari, ila peke yangu sijawahi. Nimewaza dakika 40 na watu watano: aliyelivaa kwanza, anayefunga belo, kuli wa bandarini, mama, na mteja. Sina mtu wa kunivalisha nyuma ya pazia. Joto nalo: jana dakika kumi tu nililowa chapachapa. Na naogopa mkasi. Cherehani ya mama ipo, fedha nina elfu sabini. Nianzie wapi?

Fundi_Mbagala

Mdogo wangu, mkasi weka pembeni. Fumua kwanza, kwa wembe mpya, mshono kwa mshono. Koti la sufu ni matabaka: sufu nje, kitambaa kigumu cha kushika kifua katikati, bitana ndani, na pedi mabegani. Kinachokuunguza zaidi ni bitana, kwa sababu nyingi ni poliesta, haipitishi hewa wala hainywi jasho. Itoe, toa na pedi, shonea kanga kuukuu iliyokwisha kulainika.

Hujui kitambaa ni cha nini? Chomoa uzi uuchome. Pamba inanukia karatasi iliyoungua na kuacha majivu. Sufu inanuka nywele. Poliesta inayeyuka na kuganda kama kidonge kigumu. Poliesta usihangaike kuichovya rangi hizi za sokoni, haishiki. Na sufu usiiloweke maji ya moto ukaipikicha, itasinyaa hadi koti la baba liwe la mtoto.

Ukinyanyua mikono, koti zima litapanda nawe. Dawa yake ni kufumua kwapa na kutia kipande cha pembe nne. Vifungo vya kunata usiweke kabisa, ukivivuta vinapiga kelele ukumbi mzima. Tumia vya kubonyeza vya chuma. Sindano namba 16, na penye tabaka nyingi 18.

Jukwaa_Tupu

Dada, fundi amemaliza ya cherehani, mimi nasemea mwili. Una watu watano ukawaza mavazi matano. Koti moja linatosha. Kola ikisimama na mikono ikiwa mfukoni, huyo ni mtu wa baridi. Likunje ulitupie begani, umekuwa kuli. Lifunge mgongoni kwa mikono yake lenyewe kama mbeleko, huyo ni mteja, mama aliyekuja sokoni na mtoto. Kubadili kote kufanyike mbele ya watu, taratibu. Watazamaji wanapenda kuona mtu anavyozaliwa.

Maneno usiandike bado. Wiki mbili fanya mazoezi na koti, bila sentensi hata moja. Wengi huandika kwanza, vazi wanalivaa siku ya mwisho, halafu wanagundua mikono haifiki walikopanga ifike. Nimeyaona, na inauma.

Mzee_wa_Foleni

Mwanangu, sisi tuliokuwa vijana mwanzoni mwa miaka ya 80 tulipanga foleni ya kanga tangu alfajiri hujui kama utapata. Mitumba ilipoanza kuingia kwa wingi, watu waliiita kafaulaya, kwa kuamini mwenye nguo amekufa huko. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliloweka kila shati maji ya chumvi usiku kucha kabla hatujavaa. Waghana nao wana jina lao, *obroni wawu*, maana yake ni hiyohiyo, mzungu amekufa.

Huyo wako wa kwanza usimfanye mzungu yeyote tu. Alikwenda dukani na orodha mkononi. Tafuta mtu akusomee alikuwa ananunua nini.

MwanaKivu

Niko Goma, ila Kinshasa nimekaa. Kule yuko Eddy Ekete, anavaa vazi la makopo ya vinywaji mwili mzima na kutembea nalo barabarani. Tangu 2015 kuna tamasha linaitwa KinAct, wasanii wanatoka na mavazi ya nyaya, matairi, ndala kuukuu. Makopo yanalia kila hatua. Wewe nawe sikiliza koti lako lina sauti gani. Na ile mikanda ya plastiki ya kufungia belo usiitupe.

Gikomba_Damu

Mwaka 2022 The Nest Collective, kikundi cha wasanii wa Nairobi, walijenga chumba kwa marobota ya mitumba kule Kassel, Ujerumani, nguo zikarudi zilikotoka. Nawe mwishoni lifunge koti kwa hiyo mikanda, uliandikie anwani, lirudi.

Binti_Karume

Nashukuruni sana, nimesoma kila neno. Bitana imetoka, nimetia kanga, nimekaa nalo dakika 25 na bado napumua. Pedi za mabega nimezitunza, kuli atazihitaji.

Orodha imesomwa. Ni Kijerumani: mkate, siagi, balbu, dawa ya kikohozi. Mzee wangu, ulikuwa sahihi. Ile dawa ya kikohozi imenipa mgongo wake, namna anavyoinama.

Kaka wa Gikomba, mwisho wako nilimsimulia mama, akakataa katakata. "Lirudi wapi? Ada yako ya shule ilitoka humo." Anakumbuka 2016, wakubwa wa Afrika Mashariki walipokubaliana mitumba iondoke ifikapo 2019, alivyokuwa akikesha akihesabu madeni. Nimeona siwezi kulifunga koti mbele yake. Halafu akalichukua, akalitupia mkononi na kuanza kunadi pale sebuleni, sauti ileile ya sokoni, vifungo vinagongana. Nimerekodi. Onyesho litaanza hapo.

Fundi, kipande cha kwapa ni sentimita ngapi? Nimefumua upande mmoja.

Fundi_Mbagala

Kumi na mbili kwa kumi na mbili, pamoja na cha kukunjia. Kikae mshazari, pembe moja ielekee kwenye mkono na nyingine ubavuni. Kitoe kwenye koti jingine la sufu, kanga hapo itachanika. Shona kwa mkono kwanza, livae, nyanyua mikono juu, ndipo upeleke cherehani.